Boksi Jipya Halitengenezi Pikapu Kuukuu

Ukiwauliza wenye magari wa Nairobi spea za kufufua pikapu ya zamani zinunuliwe wapi, wengi watakujibu vivyo hivyo: nenda kwa wakala wa kampuni, ama angalau kwa duka kubwa la katikati ya jiji, ununue jenuini iliyo ndani ya boksi lililofungwa, na ujiepushe na spea za mtaani. Kibera na Kawangware ndizo hutajwa kwanza kila anayeonya anapotaka mfano wa mahali pa kuuziwa feki. Wanaosema hivyo wana nia njema, na hofu yao ina msingi, maana breki zikikataa kwenye mteremko hakuna atakayesikiliza habari za bei nafuu. Hata hivyo ushauri wenyewe unapotosha. Unamfundisha mnunuzi kusoma karatasi ya nje na kusahau chuma kilichomo, unamtuma kutafuta vitu vilivyoacha kutengenezwa zamani, na unamtenga na muuzaji anayejulikana, ambaye kazi yake inaweza kupimwa na ambaye anaweza kurudiwa mambo yakiharibika. Ninashikilia kwamba muuzaji wa spea za pikapu kuukuu achaguliwe kwa kutazama kazi ya kila kipuri, na kwa kuuliza nani atajibu kipuri hicho kikifeli. Tukipima kwa vigezo hivyo viwili, fundi na muuzaji wa Kibera au Kawangware mara nyingi huwashinda wale wanaosifiwa.

Tuanze na pikapu zenyewe, kwa sababu ushauri wa jenuini uliandikwa kwa ajili ya magari mapya. Katika gereji za kandokando ya Naivasha Road kule Kawangware, na katika zile za Kibera kuelekea Makina, zinazofufuliwa ni Peugeot 504, Datsun 1200, Isuzu KB na TFR, na Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990. Peugeot 504 ilizinduliwa Paris mwaka 1968, pikapu yake ikafuata mwaka 1979, na iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Wafaransa walikwisha kuiacha kwao. Sifa yake ilijengwa pia na mbio za Safari Rally, Ove Andersson alipoibuka mshindi na 504 mwaka 1975 na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Isuzu nyingi zilitoka katika kiwanda cha General Motors Kenya, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975 na ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Kampuni kuendelea kuwepo ni jambo moja. Kuweka stoo kabureta ya gari la mwaka 1985 ni jambo jingine kabisa. Hakuna mtengenezaji anayeahidi kuendelea kutengeneza kila kipuri cha kila gari milele, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo orodha ya wakala inavyozidi kujaa mapengo.

Kuna sharti jingine ambalo watetezi wa jenuini hawalitaji. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba pikapu ya miaka ya 1980 unayoiona Kawangware leo haina ndugu wanaokuja bandarini Mombasa. Vipuri vyake vikubwa, yaani fremu, ekseli, giaboksi, milango na bloku ya injini, mara nyingi vitapatikana kwa pikapu nyingine zilizokwisha kuwa hapa: zilizoanguka, zilizoungua, zilizochoka zikauzwa kwa kilo. Wanaovijua vyombo hivyo ni wale wanaovivunja na kuviuza vipande vipande. Wakala akiulizwa ataagiza ng'ambo, atataka malipo ya awali, na wiki zitapita. Katika wiki hizo mwenye pikapu hatabeba sukuma kutoka Marikiti alfajiri, hatapeleka saruji kwenye mjengo wala kuhamisha nyumba mwisho wa mwezi. Gharama ya kipuri huanzia bei yake na kuendelea hadi siku za mapato zilizopotea gari likiwa juu ya mawe, na hesabu hiyo haimo katika ushauri wa boksi.

Sasa tuliangalie boksi. Kampuni za magari hazitengenezi kila kitu kilicho ndani ya magari yao. Denso hutengeneza alternata na stata, Aisin na Exedy hutengeneza klachi, Koyo na NSK hutengeneza beringi, kisha kampuni ya gari huvifunga vipuri hivyo ndani ya boksi lenye nembo yake. Chukua beringi mkononi uitazame. Kwenye ukingo wa pete yake ya nje kumechongwa namba. Beringi iliyochongwa 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15, nayo ni hivyo hivyo ikitoka Japani, Ujerumani au kwingineko, kwa sababu vipimo hivyo ni vya kimataifa. Fundi anayesoma namba, anayepima kwa kalipa na anayeijua kampuni iliyochonga pete anaweza kupata beringi ya ubora ule ule bila kulipia nembo ya gari. Anayenunua kwa kutazama boksi analipia nembo, na hana njia ya kuhakikisha kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa.

Naye mwenye kughushi anaelewa hilo kuliko sisi. Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008, likaunda chombo cha kuisimamia, na spea za magari zimekuwa kati ya bidhaa ambazo chombo hicho hushughulika nazo tangu mwanzo. Feki hufuata imani ya watu. Anayetaka kuuza laini za breki mbovu kwa bei ya juu hazitandazi juu ya gunia kando ya barabara. Huzitia katika boksi linalong'aa, akabandika stika na kuzipeleka kwenye rafu ya duka linaloheshimika. Kadiri tunavyowahimiza watu waamini boksi, ndivyo tunavyowaongezea faida wanaochapisha maboksi. Kipuri kilichotumika, kilichofunguliwa kwenye gari mbele ya macho yako, hakijifichi namna hiyo. Kinaonyesha kutu yake, ufa wake na meno yake yaliyolika, na mjuzi anaweza kukikubali au kukikataa papo hapo.

Hapa ndipo kazi ya kipuri inapoamua. Pikapu ina vipuri ambavyo kazi yake ni kubeba na kushikilia: nyumba ya giaboksi, kichwa cha silinda, ekseli, vishikizo vya springi, bawaba za milango. Vingi ni vyuma vilivyosubuliwa au kufuliwa kiwandani, na kama havina ufa wala havijapinda, miaka 30 haijapunguza thamani yake. Kwa vipuri vya aina hii, orijino iliyotumika kutoka kwa mvunjaji magari huwa bora kuliko dupliketi mpya iliyomwagwa kwa chuma hafifu, na bei yake huwa ya chini. Kuna vipuri vingine ambavyo kazi yake ni kulika ili gari lisimame au lisivuje: laini za breki, raba za silinda za magurudumu, sili za mafuta, boljointi, mipira ya maji, mkanda wa feni. Hivi vina umri, na raba huzeeka hata ikiwa imekaa tu. Kununua vipuri hivi vikiwa vimetumika ni ujinga, na sina huruma na anayeviuza hivyo, awe Kibera au katikati ya jiji. Vinunuliwe vipya, vyenye jina la mtengenezaji anayefahamika na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, au stika yake ya bidhaa zilizoagizwa. Na hata vikiwa jenuini havitakuokoa kama aliyevifunga hajui kazi: ukimimina mafuta ya injini katika mfumo wa breki badala ya mafuta ya DOT 3 au DOT 4, raba mpya zitavimba na kuharibika.

Dramu ya breki inaonyesha mpaka kati ya makundi haya mawili. Yenyewe ni chuma kinachoweza kutumika tena, lakini upande wa ndani hulika kwa msuguano. Dramu nyingi zimepigwa muhuri wa kipenyo cha juu kinachoruhusiwa, na namba hiyo huonekana ukisugua kutu kwa brashi ya waya. Mvunjaji magari anayestahili pesa zako atakuletea dramu, atakusugulia hiyo namba, ataweka kalipa na kukuonyesha kwamba bado kuna nyama ya kutosha hata ikikerezwa kidogo ili iwe laini. Asiyestahili atakuambia iko sawa na kukuharakisha ulipe. Tofauti kati ya hawa wawili haihusiani na mtaa waliomo wala ukubwa wa duka. Duka la mjini lenye vioo na kaunta likikuuzia dramu bila kuipima limekufanyia kama huyo wa pili.

Ujuzi wa namna hii una thamani zaidi pale spea zinapotoka mbali. Vipuri vingi vilivyotumika hufika Nairobi kutoka Japani, vikiwemo vipande vya mbele vya magari vinavyoitwa noskati, na vingine hutoka Falme za Kiarabu, ambako soko la spea la Sharjah limewavutia wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Japani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia. Falme za Kiarabu ni kinyume. Injini ya Hilux ya Sharjah inaweza kuingia vizuri katika pikapu ya Kawangware, lakini boksi la usukani na dashibodi vya gari hilo hilo havitafaa. Thailand, ambayo imekuwa kitovu cha utengenezaji wa pikapu za Toyota na Isuzu, ina usukani kulia, ndiyo maana spea za huko hutukaa vyema. Muuzaji anayekuuliza modeli, namba ya fremu na namba ya injini kabla ya kutaja bei anakuonyesha kwamba anayajua haya. Anayetaja bei kwanza anakuonyesha jambo jingine.

Kisha kuna vipuri ambavyo haviko Japani, Sharjah wala kwa wakala, na hapo ndipo dharau kwa mafundi wa mitaani inapokosa msingi kabisa. Shirika la Kazi Duniani lilipochapisha ripoti yake kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, lilisema wazi kwamba kazi za namna hii zilikuwa zenye tija na kwamba serikali ilikosea kuzihangaisha. Sera ya uchumi ya mwaka 1986 ikakubali kwamba sekta isiyo rasmi ni sehemu ya maendeleo ya nchi, na mwaka 1992 ukaja waraka mzima wa serikali kuhusu biashara ndogo na jua kali. Kinachosemwa leo kuhusu gereji za Kibera kinarudisha dhana ambayo nchi yenyewe iliikataa miongo kadhaa iliyopita. Fundi wa kukereza anaweza kutengeneza bushi ya shaba ya kishikizo cha springi kwa kipimo cha pini iliyolika, jambo ambalo bushi ya boksi haiwezi, kwa kuwa imetengenezwa kwa pini mpya. Springi za majani, radieta, betri na ekzosi hutengenezwa hapa hapa nchini. Mabati ya sakafu ya Datsun yaliyooza hukatwa na kukunjwa upya kwa nyundo na mashine ya kuchomelea. Ukisubiri jenuini ya vitu hivyo, pikapu itaoza ikikungoja.

Najua pingamizi litakaloletwa: fundi akitengeneza vibaya, utamshtaki wapi? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halimpi ushindi mwenye duka kubwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema kwamba ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kuwa unategemea ujuzi wake, na bidhaa hiyo ikawa ndiyo biashara yake, basi kuna sharti kwamba bidhaa ifae kazi hiyo. Sheria hiyo hiyo inaweka mpaka: anayeagiza bidhaa maalumu kwa jina lake la biashara anaweza kuikosa kinga hiyo ya kufaa kazi, ingawa anabaki na haki ya bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Kwa hiyo anayeingia dukani akitaja jina la kampuni, akalipa na kuondoka, anaweza kuwa na kinga ndogo kuliko anayemwambia muuzaji wa Kawangware: pikapu yangu ni hii, hubeba tani moja ya viazi, nipe beringi itakayofaa. Na ikifika kugombana, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Kinachohitajika ni risiti yenye jina la muuzaji, maelezo ya kipuri na tarehe. Muuzaji wa mtaani anayekataa kuandika risiti asipewe hata shilingi, na hilo ndilo sharti lililo bora kuliko sharti la boksi.

Tena kabla ya mahakama kuna jamii. Muuzaji mwenye kibanda pale Kawangware 46 anaishi kwa wateja wanaopita mbele yake asubuhi na jioni. Akimuuzia dereva mmoja sili mbovu, madereva wengine watapata habari jioni hiyo hiyo stejini. Heshima yake ndiyo mtaji wake, naye hana ofisi ya kujifichia. Sisemi kwamba watu wa Kibera na Kawangware ni waaminifu kuliko wengine. Ninasema wako karibu, na ukaribu humfanya mtu ajibu. Karani wa duka la mbali hana sababu kama hiyo, kwa maana mteja aliyekuja mara moja kutafuta kipuri cha gari kuukuu huenda asionekane tena.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wizi. Wenye magari wa Nairobi huchonga namba za usajili kwenye vioo vya pembeni na taa kwa sababu vifaa hivyo huibwa na kuuzwa, na anayenunua bila kuuliza anamlipa mwizi. Hapa sina la kutetea. Lakini tuangalie dawa yake. Kuwakimbia wavunjaji magari wote hakumzuii mwizi. Kunamwachia soko la wanunuzi wasiouliza, ambao ndio anaowataka. Dawa ni kununua kwa mvunjaji anayeweza kukuonyesha gari alilolivunja au nakala ya karatasi zake, kukataa kioo au taa yenye dalili za kusuguliwa mahali palipokuwa na namba, na kutonunua injini isiyo na hati. Injini ikibadilishwa, namba mpya inapaswa kuingizwa katika kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na pikapu ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Kigezo changu cha kwamba muuzaji awe wa kujibu kinambana mwizi, na kigezo cha boksi hakimgusi.

Yupo pia mtu ambaye mjadala huu humsahau, naye ni makanika anayetumwa kununua. Katika gereji nyingi makanika hupewa kamisheni na duka analolipelekea mteja, na hapo uchaguzi wa muuzaji huwa umekwisha kufanywa na mtu mwingine kwa faida yake. Ushauri wa jenuini hauondoi tatizo hili. Unalifanya ghali zaidi, kwa sababu kamisheni hukua pamoja na bei. Mwenye pikapu alipe ujira wa kazi peke yake, ujira unaotosha ili fundi asihitaji cha pembeni, kisha aende mwenyewe kununua akiwa na sampuli, yaani kile kipuri kilichong'olewa. Akilinganishe na anachouziwa: idadi ya meno, upana wa tundu, urefu, namba. Kipuri cha zamani arudi nacho, ili kisije kikasafishwa na kuuzwa kwa mwingine. Fundi mwaminifu hatachukizwa na utaratibu huu, kwa kuwa unaondoa shaka kati yake na mteja.

Wengine watasema ninawapa maskini ushauri wa kimaskini, na kwamba wakazi wa Kibera na Kawangware wanastahili vipya kama wa Karen na Lavington. Wanastahili gari salama, na gari salama hujengwa kwa kipimo na uwajibikaji. Mwenye mtaji mdogo akitumia pesa zake zote kununua nyumba mpya ya giaboksi asiyoihitaji, atakosa za kununua laini mpya za breki anazozihitaji. Kugawa vipuri kwa kazi yake kunamwezesha kuweka fedha pale maisha ya watu yanapotegemea, na kuokoa pale ambapo chuma cha zamani kinatosha.

Kwa hiyo onyo la kuepuka mitaa miwili mizima liachwe, na mahali pake pawekwe madai yanayoweza kutekelezwa. Halmashauri ya biashara ndogo, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2012, iwapatie mafundi wa kukereza na wavunjaji magari vibanda vya kudumu na vifaa vya kupimia, maana fundi anayefurushwa kila mara hawezi kurudiwa na mteja. KEBS na wapambanaji wa bidhaa ghushi wapeleke msako wao kwanza kwenye breki, usukani na matairi, kuanzia kwa waagizaji wakubwa ambao mikononi mwao feki huingia nchini. Nasi wenye pikapu tudai risiti, tupime, tuulize kipuri kimetoka wapi, na tumrudie muuzaji aliyetujibu vizuri mara ya kwanza. Soko la spea hufuata maswali ya wanunuzi wake, na kwa muda mrefu mno tumekuwa tukiuliza kuhusu boksi peke yake.